Kipande cha Moyo wa Belarmino

Lagoa do Couro, 15 Machi 2011

Kwa yeyote anayetunza kipande cha moyo wa mume wangu,

Dakta Valadares hakunipa jina lako. Alisema tu kwamba kuna "watu wa maabara", nami nimeishi vya kutosha kujua kwamba wakitajwa watu wengi, kazi huwa inafanywa na mmoja. Barua hii ni ya huyo mmoja.

Mimi ni Zulmira, mke wa Belarmino Quadros, yule fundi wa kodiani, vinanda vya kuvuta kwa mikono, mwenye moyo uliovimba. Tarehe mosi mwezi huu mlimpitishia waya shingoni, mkamega kipande kisichozidi punje ya mtama, mkaturudisha kwetu kwa basi, mwendo wa saa tisa. Dakta alinieleza akinitazama usoni, polepole, kwa sababu mimi ni kiziwi tangu surua ilipopita nyumbani kwetu nikiwa na miaka tisa. Nasoma midomo. Alisema ndani ya kile kipande mna seli ambazo hazijaamua bado ziwe nini, hata kwa mtu wa miaka sitini, na kwamba mtazilea mpaka ziwe mamilioni, kisha mtamrudishia zikae pale ambapo nyama ya moyo imekufa. Hilo nililielewa. Swali langu ni lingine.

Tangu arudi, mzee wangu hayuko sawa. Wala si maumivu. Anakaa karakanani na kodiani ya mteja magotini, haifungui. Nikimgusa ananiambia, "Zulmira, sehemu yangu iko mahali penye joto, na kuna mtu anaitazama." Analisema hivyohivyo, kama anayesema mvua itachelewa.

Kwa hiyo nataka kujua: wewe ni mtu wa namna gani? Unakula? Unanawa mikono? Una hasira za nyumbani unazokwenda nazo kazini?

Simu hainifai. Andika.

Zulmira Quadros


Salvador, 24 Machi 2011

Mama Zulmira, naomba baraka yako.

Dakta aliweka barua yako mezani kwangu akasema, "Hii ni yako." Ni kweli, huyo mmoja ni mimi. Naitwa Noêmia Sacramento, nina miaka thelathini na mitatu, na watu wangu wametoka bara kavu kama huko kwenu, ndiyo maana siwezi kumwandikia mtu mzima bila kuomba baraka. Ninakula. Ninanawa mpaka viwikoni. Sijaolewa, basi hasira za nyumbani sina wa kunitilia.

Kanuni haziruhusu tuandikiane na wagonjwa. Naomba haya yabaki kati yetu.

Kipande cha Mzee Belarmino nilikiweka kwenye kabati lenye joto sawa na la mwili wake. Kila siku ya pili nakilisha maji ya rangi ya waridi yenye chakula cha seli. Wiki ya kwanza hapakuwa na kitu. Kisha zikaanza kutoka pembeni ya kipande, moja moja, kama watu wanaotoka kanisani na hawataki kuonekana wana haraka. Sasa zimejaa chupa tatu bapa.

Sitakudanganya, mama. Hakuna anayejua kama itafaa. Ndiyo maana inaitwa jaribio. Wako ambao moyo wao ulipata nguvu kidogo, wakapanda ngazi bila kupumzika. Wako ambao hawakuona tofauti. Kuhusu maneno ya mzee, nadhani ni kungoja. Anayengoja huwaza mengi. Usiogope.

Noêmia


Lagoa do Couro, 4 Aprili 2011

Binti Noêmia, baraka unayo.

Mimi siogopi, nauliza. Jumanne ile, tarehe ishirini na tisa Machi, saa nane mchana jua likiwa utosini, mzee alivaa koti la ngozi. Akasema, "Wamenigawa." Baadaye kidogo akasema, "Wameniacha mlango wazi." Alitetemeka mpaka jioni, nami huku nje nilikuwa siwezi kukanyaga ardhi bila viatu. Ilitokea nini Jumanne hiyo?

Na jambo jingine. Anasema mtunzaji wake anaimba bila kufungua mdomo. Alichukua kodiani akautafuta wimbo huo mpaka akaupata, nami nikaweka kiganja juu ya mbao kama ninavyofanya siku zote. Hivyo ndivyo nilivyoolewa na fundi wa kodiani: namsikiliza kwa mkono. Nyimbo zake zote nazijua. Huu siujui. Unapanda mara tatu, kisha unakaa chini kama mtu aliyechoka.

Je, unaimba?

Zulmira


Salvador, 13 Aprili 2011

Mama Zulmira,

Hapana, siimbi. Humu ndani tumevaa barakoa na kazi inataka utulivu. Jumanne ile ilikuwa siku kama nyingine.

Habari njema ni kwamba seli zinaongezeka vizuri. Dakta ameweka tarehe kumi Mei. Mzee aje bila kula asubuhi hiyo, na alete dawa zake zote kwenye mfuko. Mpaka wakati huo apumzike, asibebe mizigo, asivute kodiani kubwa.

Noêmia


Salvador, 29 Aprili 2011

Mama Zulmira, naomba baraka,

Nakuandikia kabla hujanijibu kwa sababu siwezi kungoja.

Nilikuwa nimetenga seli chache za mzee kwenye kisahani cha kioo, kwa ajili ya kuzipima tu. Hizo hazitarudi moyoni mwake, usihofu. Zilikaa kimya wiki mbili. Jana Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, niliweka jicho kwenye hadubini nikaona kisahani kinapiga.

Mama, kinapiga. Doa dogo kuliko tundu la sindano linajikunja na kujikunjua, peke yake, bila damu, bila mwili. Wengine waliowahi kuona jambo hilo wameliandika vitabuni. Mimi miaka saba humu sijawahi. Nilimwita Dakta. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akatoka kuwaita wanafunzi wake.

Kinapiga mara tatu, kinasita, kinapiga mara tatu. Wewe uliyelala kifuani kwake miaka yote, niambie: huo ni mwendo wake?

Mwambie mzee nimefurahi. Tarehe kumi tuonane.

Noêmia


Lagoa do Couro, 7 Mei 2011

Mwanangu,

Ndiyo. Huo ndio mwendo wake.

Tarehe kumi hatutakuja. Mzee hawezi safari. Usizitupe. Endelea kumlisha. Kile kisahani usikizime kwa sababu yoyote ile.

Zulmira


Salvador, 13 Mei 2011

Mama Zulmira,

Barua yako ilikuwa fupi mno, nimeisoma mara nyingi nikitafuta kilichobaki. Miguu imevimba? Anakula? Analala akiwa ameketi au ameweza kulala chali? Dakta amekubali kusogeza mpaka tarehe thelathini na moja Mei, lakini aliuliza mara mbili kwa nini.

Nina la kukiri. Kama hali yake imekuwa mbaya, sitaki akae na uongo wangu.

Jumanne ile uliyouliza ndiyo siku niliyozigawa seli zake kutoka chupa tatu kuwa sita. Umeme ulikatika kidogo, ukarudi, nikakimbilia mashine nyingine, na mlango wa kabati ukabaki wazi karibu saa nzima. Chupa moja ilikufa. Nilisema ilichafuka kwa bahati mbaya. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na mume wako aliyekuwa saa tisa za barabara kutoka hapa.

Tena ninaimba. Naimba ndani ya barakoa, midomo imefungwa, wimbo ambao bibi yangu aliuimba kwenye maandamano ya kuomba mvua. Hata Dakta, anayefanya kazi hatua nne kutoka kwangu, hajawahi kuusikia. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Bado naogopa.

Noêmia


Lagoa do Couro, 22 Mei 2011

Binti Noêmia,

Chupa nimekusamehe. Mlango huachwa wazi na watu wema pia.

Unauliza habari za mzee. Miguu haijavimba. Chakula hagusi. Analala vizuri kuliko miaka yote, na kuhusu baridi hasemi tena. Amekuwa mtulivu. Hanisumbui kwa lolote.

Tarehe thelathini na moja hataweza.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohane inakaribia na watu wanapita kudai kodiani zao, wanataka kuzipiga kwenye mioto. Nawaambia wangoje, fundi hajamaliza. Jana nilipangusa vumbi kwenye rafu. Nikaweka kiganja juu ya ile nyekundu ya jirani yetu Tertuliano, imefungwa mikanda yake yote, hakuna aliyeishika. Mbao ilikuwa inatetemeka. Mara tatu, ikasita. Nikabaki nimesimama mpaka maharage yakaungua jikoni.

Je, bado kinapiga? Niandikie kila wiki, hata mstari mmoja.

Zulmira


Salvador, 1 Juni 2011

Mama Zulmira,

Kinapiga. Kwa kawaida kingekuwa kimechoka zamani. Wanafunzi wa Dakta wanakuja kukitazama, na mmoja wao ameacha kuja; anasema kinamfanya aote.

Lakini mambo yamekuwa magumu. Mmekosa tarehe mbili. Kanuni inasema seli lazima ziwe na mwenyewe anayezitaka, la sivyo faili linafungwa na kila kitu kinamwagiwa dawa ya kuua. Dakta ametoa mpaka tarehe kumi na tano Julai. Amewaambia pia ustawi wa jamii wapige simu kwenye zahanati ya kwenu waulize hali yake.

Naomba mzee aandike kwa mkono wake kwamba bado anataka. Mistari miwili inatosha, na sahihi yake. Nitaitia kwenye faili na itatupa muda.

Noêmia


Lagoa do Couro, 9 Juni 2011

Binti,

Mke wangu anasema unataka mkono wangu. Huu hapa. Bado nataka. Nakushukuru kwa kunilisha. Sina baridi tena, hapo penye joto panatosha.

Ule wimbo, sehemu ya pili unaiharakisha. Bibi yako hakuimba hivyo. Alikuwa anapumzika kabla ya kushuka. Pumzika kabla ya kushuka.

Belarmino Quadros


Lagoa do Couro, 10 Juni 2011

Kwa Maabara, Salvador.

Waheshimiwa, mimi ni Josué Amorim, mhudumu wa afya wa kata hii. Nimepigiwa simu na mama mmoja wa ustawi wa jamii hospitalini kwenu, laini ikakatika, akaniomba niandike kwenu moja kwa moja.

Mgonjwa mnayemuuliza, Belarmino Quadros, alifariki Alhamisi tarehe ishirini na nane Aprili, majira ya saa nane mchana, nyumbani kwake. Tulimzika kesho yake, Ijumaa. Jeneza nililibeba mimi pamoja na jirani yao Tertuliano na wengine wawili. Cheti cha kifo nimekiambatisha.

Nawaomba radhi ikiwa hamkujua. Nilidhani mjane wake aliwaarifu, maana namwona posta kila wiki akituma barua. Mama huyo ni mzima wa mwili, ila hatoki zaidi ya hapo. Kuta za karakana yao ni za udongo na zina vinyozi, wale wadudu wanaouma watu usoni wakilala na kuwatia ugonjwa huu wa moyo. Marehemu alikuwa hataki tupulizie dawa, akisema itaharibu ngozi za kodiani. Nilikwenda baada ya mazishi nikidhani sasa itawezekana. Mama alinifungia mlango.

Wenu katika kazi,
Josué Amorim


Salvador, 17 Juni 2011

Mama Zulmira,

Barua mbili zilinifikia siku moja. Moja ina sahihi ya Mzee Belarmino, ya tarehe tisa Juni. Nyingine ina cheti kinachosema alikuwa kaburini wiki sita kabla ya hapo. Nimezipanga mezani, moja kulia na moja kushoto, na nimekaa mbele yake tangu chakula cha mchana.

Sina hasira. Pole, mama. Pole sana. Nilikuwa nakuuliza kama anakula.

Saa nane mchana, Josué anasema. Alhamisi. Mimi niliona kisahani kinaanza kupiga saa nane na dakika kumi, Alhamisi hiyohiyo, na nikakuandikia nikishangilia. Barua yangu ilikufikia lini? Uliisoma ukiwa umekaa na nani?

Nina swali moja ambalo silali kwa ajili yake. Nilimwimbia shangazi yangu wimbo ule kwenye simu, mtoto wa pekee wa bibi aliyebaki hai. Sikumwambia kwa nini. Alicheka akasema, "Noêmia, sehemu ya pili unaikimbiza kama unafukuzwa. Mama alikuwa anavuta pumzi kabla ya kushuka." Ni maneno yaleyale yaliyo kwenye barua ya mzee, na hilo sikulijua, mama. Nilijifunza vibaya nikiwa mtoto. Ni nani aliyeandika ile barua?

Sijamwambia Dakta. Kisahani bado kinapiga. Nifanye nini?

Noêmia


Lagoa do Couro, 26 Juni 2011

Mwanangu Noêmia,

Mioto ya Mtakatifu Yohane imezimika na moshi umetulia, sasa naweza kukuandikia ukweli.

Alhamisi ile tulikula kuskus ya mahindi na nyama kidogo ya kukausha. Alikula vizuri. Kisha akajilaza kwenye bembea ya kulalia mlangoni mwa karakana, nami nikatoka uani kupepeta maharage. Nilimpa mgongo, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka upande ule na maganda yangeniingia machoni. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine.

Miaka thelathini na minne tulikuwa na desturi yetu. Akinihitaji hakuita. Alipiga mguu chini, nami nikaupata kwa nyayo, hata nikiwa jikoni, hata nikiwa nimesinzia. Hakuwahi kupiga mguu nisije. Lakini mtu aliye kwenye bembea miguu yake haigusi ardhi.

Basi aliniita. Tertuliano alikuwa anapita barabarani na punda wake, akamsikia. Ameniambia mwenyewe, midomo yake ikicheza nikashindwa kuisoma, ikabidi arudie. Alisema, "Aliita 'Zulmira, Zulmira', kwa sauti ya mtu anayetaka kahawa. Sikusimama." Simlaumu. Hata mimi ningekuwa na masikio ningesema, ngoja nimalize.

Nilimaliza maharage. Nikageuka.

Barua yako ilifika siku ya nane baada ya mazishi. Nilikuwa nimeketi peke yangu. Majirani wote walikuwa wameshaniambia amekwenda, padri ameniambia, Josué ameniambia, na mikono yangu mwenyewe iliyomwosha imeniambia. Kisha mtu mmoja duniani ananiandikia kwamba anapiga, mara tatu, anasita, mara tatu. Ulitaka nimbishie mtu huyo? Nilijua nikikwambia mtamwaga dawa. Kwa hiyo nikanyamaza, na kila nililokuandikia lilikuwa kweli. Miguu haikuvimba. Chakula hakugusa. Alikuwa mtulivu.

Ile barua ya tarehe tisa niliiandika mimi, kwa kalamu yake, nikiiga mwandiko wake. Nilikaa kwenye kiti chake nikaandika kama alivyokuwa akisema. Nakumbuka: mkono, bado nataka, kunilisha, sina baridi. Kisha nikatia sahihi nikakunja. Habari ya wimbo sikuiandika. Mimi ni kiziwi, Noêmia. Sijui kama wimbo una sehemu ya pili. Unasema ipo kwenye karatasi, nami nakuamini, kama wewe ulivyoniamini mimi. Usiniulize tena, kwa sababu nyumba hii ninakaa peke yangu.

Nimechoka kumficha. Mwanzoni nilifikiri unanitunzia yeye. Siku hizi nikigusa mbao ya kodiani naona kama mtu anayebisha mlango na mimi ndiye niliyeushika usifunguke.

Mwambie Dakta. Asimwage dawa. Nataka kuja nikae naye mpaka aache mwenyewe.

Zulmira


Salvador, 4 Julai 2011

Mama Zulmira,

Nimemwambia Dakta yote isipokuwa ya wimbo. Alinigombeza mpaka sauti ikamwishia. Kisha akakaa, akauliza kama unaweza kupanda basi peke yako. Chupa zilizobaki zimeshaharibiwa jana kwa kanuni, mbele ya mashahidi. Kisahani amekiacha.

Njoo Jumanne, tarehe kumi na mbili. Nitakungoja kituoni nikiwa na gauni la kijani. Amekupa nusu saa.

Noêmia


Lagoa do Couro, 9 Agosti 2011

Mwanangu Noêmia,

Kule ndani mlivaa barakoa, na mtu akifunika mdomo mimi nakuwa kiziwi mara ya pili. Kwa hiyo siku ile hatukuzungumza, na kuna mambo unanidai niyaseme.

Nilifikiri nitaona kitu kinachotisha. Uliponielekeza jicho kwenye hadubini niliona kwanza kope zangu, kisha mwanga, kisha yeye. Nilimjua kabla hajasita. Ulipozima joto ukakiweka kisahani mezani, niliona hakustuka. Aliendelea na mwendo wake kama mtu anayetembea jioni akielekea kwao. Nusu saa ilipokwisha Dakta alisimama mlangoni. Akashusha barakoa yake ili nimsome, na hilo sitalisahau. Alisema, "Tumalize, mama?" Nikatikisa kichwa kukataa. Akaondoka, hakurudi mpaka mwisho.

Ilichukua saa mbili na dakika arobaini. Wewe ulisimama karibu nami, nikaweka mkono mgongoni mwako, na nikaupata wimbo. Ulipanda mara tatu. Ulipumzika. Ndipo ukashuka.

Tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja, na kati ya moja na nyingine ningeweza kusali Salamu Maria nzima. Kisha hakuna. Ulitazama saa, ukaandika kwenye daftari lako, halafu ukaandika kwenye kikaratasi: "Amekwenda." Nami nikaandika chini yake: "Yeye alikwenda Aprili. Hiki kilikuwa bado hakijapata habari." Ulilia, nikajuta, nilidhani nimekukosea. Sikukukosea. Nilitaka tu ujue kwamba hukuua mtu.

Jambo moja nilikuficha. Ulipokuwa unaandika ile saa kwenye daftari, jicho langu lilikuwa bado pale. Kilipiga tena, mara moja. Mara moja tu, kwa nguvu kuliko yote ya mchana ule. Sikuinua kichwa. Nilikaa naye robo saa nyingine, nikiwa nimekushika mkono ili usinisogeze, mpaka nikaridhika. Saa uliyoandika kwenye kitabu chenu si sahihi. Iache hivyohivyo.

Niliporudi niliwapa watu kodiani zao, zilizopona na zisizopona. Tertuliano alikuja kuchukua nyekundu akataka kuomba radhi tena. Nikamwambia, "Baba, ukipita na ukasikia mtu ananiita, ingia uniguse bega. Ni hilo tu." Sasa anaingia hata pasipoitwa mtu, ananigusa bega, ananiuliza kama nina kahawa.

Josué alinitoboa kidole nikamwachia. Majibu yalikuja Ijumaa. Ugonjwa wa mzee ninao na mimi. Anasema moyo wangu bado haujaguswa, na kwamba wengi wetu hufa uzeeni kwa jambo jingine kabisa. Nimeanza vidonge, vinaniwasha mwili mzima. Mnapotafuta watu wa jaribio lijalo, jina langu liandike, lakini uandike pia kwamba sina haraka.

Leo asubuhi wamebomoa karakana. Nilikaa barabarani nikitazama vumbi. Ukuta wa mashariki, ule uliokuwa nyuma ya bembea, ulipoanguka vinyozi walitoka kwenye nyufa, wekundu pembeni, wazito kwa damu, wakitambaa juani kama walevi. Josué alikuja mbio na pampu yake. Nikamwashiria angoje. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, nikaingia kwenye kifusi, nikawakanyaga mmoja mmoja, na kila mmoja nilimpata kwa nyayo.

Mama yako,
Zulmira